Una kamera na lenzi ya 18-55, sasa ununue ipi?

Swali hili haliishi, mtu ana kamera yake na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi (namba hizo ni mm, ndogo inaona kwa upana, kubwa inavuta vya mbali), ameshaichoka, anauliza anunue lenzi gani. Majibu yanamiminika fasta: chukua 50mm f/1.8, mwingine anasema 70-200, mwingine anamwambia auze kila kitu ahamie kampuni nyingine kabisa. Na wote hao hakuna hata mmoja aliyemuuliza anapiga picha za nini!

Mimi ningekuambia anza na picha ulizofeli. Fungua folda zako za miezi ya karibuni, zile nzuri ziache, angalia zile ulizotaka kuzifuta, halafu jiulize imeharibika kwa sababu gani. Ni ya ndani, imetoka giza au watu wana ukungu? Kitu kilikuwa mbali kimetoka kidogo kama nukta? Ulirudi nyuma mpaka ukagonga ukuta na watu bado hawaenei kwenye fremu? Ulisogelea ua au mdudu kamera ikagoma kufokasi? Kila jibu hapo lina lenzi yake, na ukiona picha nyingi zinafeli kwa sababu moja basi hiyo ndo unayoanza nayo, hizo nyingine zisubiri. Ukiwa hapohapo angalia na taarifa za picha, kila picha inahifadhi ilipigwa kwa mm ngapi, ukikuta nyingi ziko 55 maana yake zumu inakuishia njiani, zikiwa nyingi 18 unahitaji upana.

Tuanze na giza maana ndo linawasumbua wengi. Lenzi ya boksi ukiivuta mpaka 55 tundu lake la kuingizia mwanga linafunguka mwisho f/5.6, na namba hizi zinaenda kinyume, ndogo ndo tundu kubwa. Sasa f/1.8 ukilinganisha na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara 10, yaani ukumbini ambapo ulikuwa unalazimika kupiga kwa shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/20 ya sekunde na kila anayecheza anatoka ukungu, kwa f/1.8 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ileile unafika kama 1/200 hivi, na hapo mtu anaanza kuganda vizuri. Usidanganyike na stebilaiza, ile inatuliza mkono wako wewe, mtoto anayekimbia haimtulizi hata kidogo. Ila f/1.8 nayo ina masharti yake, ukimsogelea mtu sana jicho moja linakuwa kali na la pili limeshaanza kufifia, na ukipiga watu wamesimama safu mbili wa nyuma wanapotea, kwa hiyo picha ya kundi rudi f/4 au f/5.6 na utafute mwanga mwingine. Na hapa niseme tu, kama kazi zako nyingi ni za ndani na dari ni jeupe, flashi unayoweza kuigeuza ikapiga juu inaweza kukusaidia kuliko lenzi yoyote.

Haya, sasa ile 50mm kila mtu anayoisifia. Lenzi nzuri, nyepesi, bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko karibu zote, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba kamera nyingi za kuanzia zina sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo, inaitwa APS-C, na humo 50mm inaona kama 75mm ingeona kwenye fulu fremu, yaani kamera ya sensa kubwa (kwa Canon ni 80mm kwa sababu sensa yao ni ndogo zaidi kidogo). Hiyo ni potreti safi, kichwa na mabega, mandharinyuma yanayeyuka, raha tupu. Lakini peleka sebuleni ujaribu kupiga familia nzima, utatoka nje ya mlango. Kwa mwenye sensa ndogo anayetaka lenzi moja ya kutembea nayo kila siku mimi namwambia 35mm kabla ya 50. Huna haja ya kuniamini, chukua hiyo 18-55, izungushe kwenye 35, bandika utepe isisogee, piga nayo siku kadhaa bila kugusa zumu, halafu fanya hivyohivyo na 50. Utajua mwenyewe ipi inakubana na wala hujatoa hela.

Kwa vitu vya mbali kuna ngazi. Zile 55-200 au 55-250 au 70-300 ni nyepesi na mchana wa jua zinapiga mpira vizuri tu, weka shata 1/500 au zaidi. Jua likizama ndo utajua kwa nini watu wanabeba 70-200 f/2.8, lakini nyingi zina uzito wa kilo moja mpaka moja na nusu hivi, hujahesabu kamera, ukishinda nayo begani siku nzima utaikumbuka kesho yake. Ndege, wale wa mitini, ni habari nyingine kabisa, 200 ni fupi, 300 bado unalia, wengi wanaishia 150-600 za Sigma au Tamron.

Lenzi pana, mfano 10-18 kwa sensa ndogo, ni za majengo, vyumba na mandhari. Usilipie f/2.8 kama unapiga mandhari kwenye stendi, maana utakuwa f/8 muda wote. Na usimweke mtu pembeni ya fremu, anavutika mpaka anachukia.

Makro, yaani lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya kweli ni 1:1, yaani mdudu wa sentimita moja anachorwa sentimita moja kwenye sensa. Kuna zumu nyingi zimeandikwa makro pembeni na hata nusu ya hapo hazifiki. Zile za 90mm mpaka 105mm zinafaa na potreti pia, na kama unataka kujaribu kwanza, kuna mipete mitupu isiyo na kioo inayokaa kati ya kamera na lenzi, inakusogeza karibu kwa hela kidogo.

Kabla hujalipa hakikisha inaingia kwenye kamera yako, na ikiingia inafanya kazi. Lenzi za Canon EF-S, ambazo ni za sensa ndogo, hazikai kwenye kamera za fulu fremu zinazotumia lenzi za EF. Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya kufokasi ndani, ukiweka lenzi ya zamani ya AF-D utazungusha fokasi kwa mkono, tafuta iliyoandikwa AF-S (AF-P inafokasi kwenye matoleo mapya tu ya kamera hizo). Mifumo ya RF ya Canon na Z ya Nikon ilitoka 2018 kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), lenzi zake hazirudi kwenye DSLR, yaani zile zenye kioo hicho. Ila ya EF inakaa kwenye kamera ya RF kwa adapta na inafokasi vizuri, kwa hiyo kama unafikiria kuhama baadaye, EF haitakuwa hasara.

Ukinunua ya mkononi nenda na tochi. Mulika kutoka nyuma uchungulie mbele, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, rudisha. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha, wa kioo cha nyuma ndo wa kuogopa. Angalia vibati vya tundu kama vina mafuta, vikinata tundu halifungi kwa wakati na picha zinatoka nyeupe. Halafu bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama umeukabili sawasawa, piga tundu likiwa wazi kabisa, kuza pembe zote nne kwenye skrini ya kamera. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa ni kawaida, lakini moja ikiwa mbovu na tatu ni kali, kuna kioo kimekaa upande humo ndani, labda ilishaanguka, na hata muuzaji akishusha bei usiichukue.