Legacy GT ya kila siku: anza na oili

Kama Subaru Legacy GT wagon ya BP5 (kodi ya modeli hiyo) ndiyo gari lako la kila siku, chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kila wikendi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare. Injini zake za EJ20 zenye tabo (turbo) hunywa oili kimyakimya, na taa ya oili ya dashibodi huwaka maji yakishazidi unga. Mwambie fundi afungue pia boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Ndani mna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, tabo hukosa oili na kufa. Mafundi wengine hata hawakijui. Mkanda wa taimingi wa injini usivuke kilomita 100,000 bila kubadilishwa. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, BP5 haziingii tena, kwa hivyo ukiona taa za gari hili zikiwa nzima Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, nunua uweke.