Kuanza kuimba Kihindustani bila kuchanganyikiwa: anza na vitufe vyeusi

Walimu wengi wa uimbaji wa Kihindustani, yaani wa kijadi wa kaskazini mwa India, wanaanza kwa kumwaga majina, thaat 10, sauti 12, komal, tivra, mwanafunzi anatoka hapo kichwa kinamgonga na hata sauti moja hajaitoa. Mimi nafundisha hivi, majina yatakuja tu.

Hatua ya 1: tafuta Sa yako, yaani sauti ya kwanza kwenye ngazi ya Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni, kama do re mi. Sa haina mahali pake pa kudumu kwenye kinanda, ni pale sauti yako inapokaa vizuri. Wanaume wengi inaangukia karibu na C#, wanawake karibu na G# au A, ila jipime mwenyewe: ukishuka hadi Pa ya chini bado unasikika, ukipanda hadi Sa ya juu shingo haikazi, basi hiyohiyo.

Hatua ya 2: pakua programu ya tanpura (ala ya kamba inayovuma mfululizo nyuma ya mwimbaji) kwenye simu, za bure zipo kibao, iweke kwenye Sa yako, kamba ya kwanza iwe Pa. Imba "aaa" juu ya Sa pumzi nzima. Ukiwa umetoka kidogo utasikia sauti mbili zinagombana, kama zinatetemeka, endelea kusogeza taratibu mpaka ugomvi uishe. Usiruke hii jamani.

Hatua ya 3: raga Bhupali (raga ni sauti zilizochaguliwa pamoja na namna yake ya kuziimba). Ina sauti tano tu, Ma na Ni hazimo. Kwenye kibodi vitufe vyeusi viko makundi ya viwili na vitatu, sasa anza na cha kwanza kwenye kundi la vitatu uende kulia: Sa, Re, Ga, Pa, Dha, kinachofuata ni Sa ya juu. Yaani huwezi kukosea! Kibodi ikiwa na transposi (ya kuhamisha sauti zote kwa pamoja), isogeze ifike kwenye Sa yako.

Hatua ya 4: weka tintal, mzunguko wa mapigo 16. Piga kofi kwenye 1, 5 na 13, kwenye 9 punga mkono tu bila kofi. Huku unaimba, kila sauti pigo moja:

Sa Re Ga Pa / Re Ga Pa Dha / Ga Pa Dha Sa / Pa Dha Sa Re

Sa ya kundi la tatu, na Sa na Re za kundi la mwisho, ni za juu. Inaisha pigo la 16 kamili, kisha unarudi kinyumenyume hadi Sa uliyoanza nayo, nayo ni 16. Polepole, mkono ukipotea simama uanze upya.

Hatua ya 5: funga kibodi. Imekuonyesha njia lakini haiwezi kuteleza, na Bhupali inataka mteremko laini kutoka Pa kwenda Ga, na kutoka Sa ya juu kwenda Dha. Halafu tulia kwenye Ga, maana kuna raga Deshkar yenye sauti tano hizihizi, ukiegemea sana Dha tayari umehamia huko bila kujua. Jirekodi, sikiliza unapumzikia wapi. Ga ikishakaa, ongeza raga Yaman, na hapo ndio tunaanza kuongea habari za tivra, yaani sauti iliyopandishwa.