Kuhamia kwenye yoti ya matanga: wiki ya kwanza ukiwa nangani Kilifi

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaohamia kwenye yoti ya mita 10 hadi 12, nangani ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) ya Kilifi. Wiki ya kwanza usisafiri. Ndani ya hori mawimbi ya nje hayakufikii, na mengi ya kujifunza yamo chini ya sakafu, si kwenye matanga.

Hatua ya 1: Tafuta kila tundu
Nguo zibaki begini kwanza. Inua mbao za sakafu, fungua makabati ya chini, uhesabu matundu yaliyotobolewa kwenye ganda la chombo: maji ya kupoza injini, choo kuingiza, choo kutoa, sinki, na mengine. Kila moja lina vali. Chora ramani yake, uibandike mahali ambapo hata mgeni ataiona. Fungua na ufunge kila vali: mkono wa vali ukilala sambamba na mpira wa maji, iko wazi, ukikingama, imefungwa. Iliyokwama usiilazimishe kwa bomba refu chombo kikiwa majini, kwa kuwa shina la vali likikatika bahari inaingia. Isubiri siku ya kupandishwa nchi kavu. Kando ya kila vali funga kizibo cha mti laini kwa kamba fupi.

Ukikuta maji kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, tia kidole uonje. Ya chumvi yametoka kwenye vali, mpira au shafti ya propela. Matamu ni ya tangi linalovuja au mvua. Kwa onjo hilo moja umeshajua pa kuanzia kutafuta.

Hatua ya 2: Choo
Hapa ndipo wengi hukosea. Pampu ya mkono huvuta maji ya bahari, na mara nyingi bakuli liko chini ya usawa wa bahari. Swichi ikisahaulika upande wa kujaza, maji yanaweza kuendelea kupanda yenyewe. Ukirudi kutoka sokoni unakuta sakafu inaelea. Kinga yake ni mpira uliopindwa juu kama shingo ya bata, wenye kitundu cha hewa kileleni. Chumvi hukiziba kitundu hicho, kwa hiyo kioshe kwa maji ya moto kila baada ya miezi mitatu.

Utaratibu ni huu: fungua vali zote mbili, weka swichi upande wa kujaza, pampu mara 15 hadi 20, rudisha swichi, pampu bakuli likauke, funga vali. Ukipampu mara tano tu, uchafu unabaki njiani. Mkojo uliolala ndani ya mpira ukichanganyika na maji ya bahari hujenga gamba gumu jeupe, na mwisho wake ni kukata mpira wote. Nusu lita ya siki ilale humo usiku mmoja kwa wiki. Karatasi ziende kikapuni. Mgeni akipanda, darasa la choo lije kabla ya chai.

Hatua ya 3: Pima nanga kwa bamvu
Kosa la kawaida ni kupima kina wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, na kuridhika nacho. Wiki moja baadaye bamvu, yaani siku za maji kupanda na kushuka sana, linafika, na pwani hii bahari hupanda na kushuka karibu mita 3 hadi 4. Tuseme kipimo kinasoma mita 5, maji mafu yamekupwa. Ongeza mita 3 za bamvu na mita 1 ya urefu wa omo (sehemu ya mbele ya chombo) juu ya maji: jumla 9. Mnyororo uwe mara tano ya hapo, yaani mita 45. Aliyezidisha 5 kwa 5 ametoa mita 25, chini ya mara tatu, na nanga yake itaondoka usiku. Hakikisha pia kwamba bamvu likikupwa mkuku, uti wa chini wa chombo, haukai chini.

Teremsha nanga, rudi nyuma taratibu ukiachia mnyororo, kisha vuta kwa injini kinyumenyume kwa nusu dakika. Gusa mnyororo kwa kiganja: ukitetemeka kwa kugugumiza, nanga inaburuta, ukikaza kimya, imeshika. Malizia na kamba ya nailoni ya mita 8 ya kupokea mshtuko. Chagua alama mbili nchi kavu zilizo mstari mmoja, mnazi na pembe ya paa la nyumba kwa mfano, uziangalie kila maji yanapogeuka.

Hatua ya 4: Umeme, maji, gesi
Soma volti alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Betri za risasi na asidi: 12.7 zimejaa, 12.2 ziko nusu, na chini ya hapo unazifupishia maisha. Mlaji mkubwa ni friji.

Maji matamu: lita 10 kwa mtu kwa siku. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari, visuuzwe kwa kikombe kimoja cha matamu.

Gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka ikatulia kwenye ngama. Funga mtungi kila ukimaliza kupika. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Funga mtungi, fungua milango, vuta pampu ya mkono ya ngama ili hewa ya chini itoke.

Hatua ya 5: Kupakia
Maboksi yasipande, kwa sababu mende hutaga mayai kwenye mikunjo yake. Makopo yaandike majina kwa kalamu ya wino mzito, karatasi zake zitabanduka kwa unyevu. Vizito viwe chini, katikati ya chombo.

Siku ya saba twekeni matanga, mbishe (mkate upepo kwa kugeuza chombo upande huu na ule) mara nne humo humo horini. Mmoja akae chini asikilize kwa makini, atie alama ya chaki kwenye kila kabati linalogonga. Mkirudi nangani, jazeni taulo humo.