Winchi ya injini ikodiwe nati ya mwisho ikishalegea
Unapofufua gari kuukuu nyumbani, nunua spana, soketi na jeki, lakini winchi ya kuinulia injini ikodi, tena usiilete uani kabla nati ya mwisho haijalegea. Nimejifunza hili hapa Kisumu nikiishughulikia Peugeot 504: malipo huhesabiwa kwa siku, na kinachokula siku si kuinua injini, kazi ya saa moja au mbili, bali boliti za egzosi zilizoshikwa na kutu, ambazo hutaka kulowekwa mafuta ya kupenya usiku kucha, kugongwa taratibu kichwani, kisha kujaribiwa tena asubuhi. Mwaga oili na maji ya rejeta, chomoa waya ukizifunga vitambaa vyenye namba, na nati za mipira inayobeba injini zibaki zimekazwa kwa vidole tu. Hapo ndipo ukaichukue winchi. Kabla ya kulipa, ininginize mzigo kwa dakika kadhaa, kwa maana mkono wake ukishuka wenyewe, huenda sili, mipira inayozuia mafuta yake yasivuje, zimekwisha. Hesabu hii huharibika injini ikikaa nje ya gari miezi mingi na kulazimu kukodi mara tatu au nne. Hapo ni heri kuchangia ununuzi na jirani. Spana ya kupimia mkazo nayo inunuliwe, ingawa ni ghali, kwa kuwa ya kukodi huenda ilihifadhiwa springi ikiwa imebanwa ikapoteza usahihi, na boliti za silinda hedi zikikazwa kwa kipimo cha uongo, gasketi huungua.