Kuungama bila kuaibisha mtu: siri na adabu kwenye foleni ya kitubio

Pale Basilika ya Familia Takatifu katikati ya mji wa Nairobi watu wanapita kuungama wakitoka job, so foleni inaeza kuwa refu na hapo ndo adabu inahitajika. Usisimame karibu na mlango wa kitubio, kile chumba kidogo cha kuungamia, rudi nyuma benchi kadhaa, na ukisikia sauti inatoka ndani songa mbali tafadhali, maanake Kanuni 983 ya Sheria za Kanisa Katoliki haimfungi padri peke yake, hata wewe uliyesikia dhambi za mwenzako kwa bahati mbaya unafungwa kutunza siri.

Simu zima kabisa, sio sailenti tu. Kurekodi maungamo ni kosa la kuadhibiwa kikanisa, na padri akivunja siri moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, Kanuni 1386, na ni Roma tu inaeza kumwondolea.

Kama unaona haya, uko na haki ya kutumia wavu, padri asikuone sura. Mimi naupenda sana huo wavu, unanipa nguvu ya kusema ukweli. Anza na kusema umekaa muda gani bila kuungama, kisha taja dhambi zako, ZAKO, sio za bwanako ama za jirani wa ploti, na usimtaje mtu jina.

Ukitoka, mtu asikuulize umepewa malipizi gani, yani sala ama tendo padri amekuambia ufanye kufidia dhambi. Na wewe pia usimuulize mkeo mbona amekaa ndani dakika ishirini.