Jinsi ya kusoma tangazo la msaada wa silaha kwa Ukraine

Usianze na jumla ya dola. Anza na chanzo cha silaha: zikitolewa kwenye maghala ya jeshi la Marekani, huweza kufika ndani ya siku au wiki chache, zikiagizwa kiwandani kupitia USAI, mfuko wa Marekani wa kuinunulia Ukraine silaha mpya, hesabu miezi, pengine miaka.

Kisha tenganisha ahadi na kilichofika. Marekani iliahidi vifaru 31 vya Abrams Januari 2023. Vya kwanza viliingia Ukraine Septemba. Miezi minane vitani ni mingi mno, na mzigo wake huwaangukia askari walioko mahandakini.

Thamani nayo hupotosha. Mwaka 2023 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikiri kuzidisha hesabu kwa dola bilioni 6.2, kwa sababu ilitumia bei ya kununua silaha mpya badala ya thamani ya zile kuukuu zilizotolewa.

Tafuta pia makombora, vipuri na mafunzo. Hapa ndipo wengi huruka. Mizinga ya Kisovieti hutumia makombora ya milimita 152, ya NATO 155, na la huku haliingii kule. Mtutu nao huchakaa kwa kufyatua, hivyo mzinga usio na mitutu ya akiba na mafundi hunyamaza mapema.