Kulitazama donge bila kulilisha: hatua kwa hatua

Mwaka juzi nilimkopesha mteja doti kumi za kitenge, sare za harusi ya mdogo wake, elfu thelathini na tano kila doti. Tulikubaliana alipe kabla ya harusi. Siku ikafika hajalipa, na usiku ule nikafungua stetasi za WhatsApp nikamkuta anacheza katikati ya ukumbi, kitenge changu mwilini. Nilikesha. Si kwa ajili ya laki tatu na nusu tu. Nilikesha nikimtungia maneno.

Kwa wiki nyingi nilizunguka na ugomvi ule. Nikikunja vitambaa nagombana naye, nikikoroga uji nagombana naye, hata ndani ya swala. Na katika ugomvi wote huo mwenyewe hakuwepo.

Kilichonisaidia ni mazoezi ya kujitazama, na si mageni duniani. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibudha wa Burma (1904–1982), aliyaeneza kwa njia nyepesi: tazama tumbo linavyopanda na kushuka, na kila kinachozuka akilini kitaje kwa neno moja. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akaanza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya ukoo huo katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, bila kumtaka mtu abadili dini yake. Sisi Waislamu nasi tuna muhasaba, kuihesabu nafsi. Al-Muhasibi, mwanazuoni wa Kisufi aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata jina lake humo. Kwa hiyo ukiambiwa haya ni mambo ya Wazungu, cheka tu.

Hatua ya kwanza: chagua donge dogo

Deni, neno la wifi, mtu aliyesoma ujumbe wako akanyamaza. Usianze na msiba wala jambo lililokuvunja utotoni. Kidonda kikubwa kinahitaji mtu wa kukaa nacho pamoja nawe, mshauri nasaha au daktari. Na hata kwenye donge dogo, ukiona kumbukumbu zinakufurika, fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu unavyoviona chumbani. Basi kwa siku hiyo.

Hatua ya pili: kaa

Kiti cha kawaida, dakika kumi, simu chumba kingine. Mimi nakaa baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Weka kiganja juu ya kitovu siku za mwanzo. Tumbo likipanda, sema kimoyomoyo "kupanda", likishuka, "kushuka". Usiivute pumzi kwa makusudi, iache iende inavyoenda.

Hatua ya tatu: taja

Hapa ndipo penye kazi. Utafika pumzi ya nne, labda ya tano, na tayari uko ukumbini unagombana. Ukigundua, taja: "kugombana". Kisha rudi tumboni. Siku ya kwanza nilitaja "kugombana" mara kumi na tisa, halafu nikaacha kuhesabu.

Angalia jinsi neno lilivyokaa. Sema "kukasirika", usiseme "nimekasirika". Utaona ni ushamba wa sarufi, lakini jaribu. Ile "ni-" inakuingiza wewe ndani. Ukishasema "nimekasirika", akili inauliza kwa nini, na jibu lake ni hadithi nzima: doti kumi, ukumbi, mpaka wanja aliojipaka. Ukisema "kukasirika", hakuna aliyekasirika wa kuulizwa maswali. Vilevile "kutaka", "kukumbuka", "kupanga", "kuwasha" kama mguu unawasha, "kusikia" bodaboda ikipita. Usitafute neno zuri. La kwanza linatosha, na ukikosa sema "hiki".

Hatua ya nne: litafute lilipo

Wazee hawakukosea waliposema mtu ana donge. Liko, na lina mahali. Langu linakaa chini ya koo, kushoto kidogo, kama tonge la ugali lililomezwa kabla ya kutafunwa. Asubuhi moja niliacha maneno nikalitazama lenyewe. Likakaza. Likapata joto, joto likashuka kifuani, likawa kama sisimizi wanaotembea. Mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikawashwa, nikataja "kusikia", na niliporudi kulitafuta donge halikuwepo. Nilishangaa kweli. Baada ya pumzi mbili tatu likarudi, na safari hii niliona lilivyorudi: picha ya ukumbi ilitangulia, donge likafuata.

Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, kule kushikilia kunaitwa *upadana*, na neno hilohilo lina maana ya kuni, chakula cha moto. Nililisoma zamani likapita tu. Asubuhi ile nikazishika kuni zenyewe mkononi: ukumbi ndio uliokuwa unaliwasha donge, na aliyekuwa akiutia jikoni ni mimi.

Hatua ya tano: usilisukume

Kulifukuza nako ni kulitia kuni. Usijiambie "mimi si mtu wa kinyongo". Usijilazimishe kusamehe asubuhi hiyohiyo, msamaha wa namna hiyo hufa kabla ya saa nne. Likiwepo, lipo. Likikaza, "kukaza".

Kosa nililolifanya mimi mwezi mzima ni kumgeuza mtazamaji kuwa hakimu. Nilikuwa nataja "kugombana" kwa sauti ileile ya mama yangu akiniita niliyevunja kikombe. Kama neno lako lina ukali, huo ukali nao utaje: "kujikaripia". Unachekesha kidogo, na kucheka kunasaidia.

Hatua ya sita: toka nayo nje

Dakika kumi za asubuhi ni mazoezi, mechi yenyewe iko mtaani. Yangu ilikuwa stetasi zake. Kila siku kidole kilikwenda chenyewe kuzifungua. Nikajiwekea sharti: kidole kisimame juu ya kioo, nitaje "kutaka", pumzi tatu, kisha nifanye nitakalo. Nusu ya mara nilifungua vilevile. Lakini nilifungua nikijua ninafungua, na mara kadhaa nikagundua sitaki kuona, nataka tu donge lipate chakula.

Hatua ya saba: daftari

Mistari mitatu jioni, isizidi. Kilichotokea, mwilini ilikuwaje, nilitaka nini. Hii ni ya kwangu, ya Jumatano moja:

*Amepita mbele ya duka, hakusalimia.*
*Koo, kisha mikono baridi.*
*Nilitaka aone aibu mbele ya watu.*

Ule mstari wa tatu ulinikaa. Siku zote nilidhani nataka hela yangu. Ukiuandika kwa ukweli, mstari wa tatu ndio wenye faida, kwa hiyo daftari lifiche.

Watu huniuliza kama mazoezi haya hayamfanyi mtu zoba, wa kudhulumiwa akitabasamu. Deni nililidai. Zamani nilipanga kumlipua kwenye grupu la kikoba, na nilikuwa nimeshaandika ujumbe wenyewe, mrefu kama wosia. Nikaufuta, nikampigia simu. Koo lilikaza, nikalijua, nikasema: "Dada, naomba tupange jinsi utakavyonilipa." Alianza na visingizio, nikanyamaza mpaka akamaliza, nikarudia sentensi ileile.

Laki moja imeingia. Kila Ijumaa namkumbusha kwa ujumbe wa mstari mmoja, kisha nafunga duka nakwenda sokoni.